Dampo la zamani kugeuzwa bustani, inawezekana kweli?

mgosi_ngamiani
Wana Tanga habari zenu. Huku mtaani kuna dampo la zamani, siku hizi gari za taka hazimwagi tena na nyasi zishaota juu, sasa watu wanasema tusambaze kifusi tupande miti tuweke mabembea watoto wapate pa kucheza maana kila Jumapili uwapeleke Raskazone na nauli yenyewe ndo hiyo. Mi naona poa ila mke wangu kagoma, anasema pale chini panafuka. Mwenye ujuzi aseme

fundi_bomba
Shemeji yuko sahihi mgosi. Taka za jikoni zikifukiwa bila hewa zinatoa methani, gesi inayoshika moto, na dampo likifungwa bado inatoka miaka na miaka. Kule New York kuna Freshkills, dampo wanaloligeuza bustani, walianza kumwaga 1948 wakafunga 2001, ukubwa wake karibu mara tatu ya Central Park, ile bustani yao kubwa ya katikati ya jiji. Hawakusambaza kifusi wakaondoka, walipanga matabaka, udongo, shiti nene la plastiki, udongo tena ndo nyasi, chini mabomba yananyonya gesi, na hayo maji meusi yanayochuruzika yanakusanywa yanasafishwa. North Park, kipande cha kwanza cha ndani, wamefungua 2023!! Na hao ni Marekani wenye hela zao

bi_chumbageni
Kwani lazima tufike Marekani? Hapo Mombasa tu, Kibarani, lilikuwa dampo kando ya barabara harufu unaipokea ukiwa bado ndani ya basi, likafungwa wakapanda miti. Mi naogopa matunzo, mabembea ya huku minyororo inaishia kwa wa chuma chakavu. Halafu wale wanaookota chupa pale watakula wapi, mbona hamuwataji?

mgosi_ngamiani
Hilo la waokota chupa kweli dada. Fundi, tukiweka kiwanja cha mpira tu bila majengo je?

fundi_bomba
Kiwanja afadhali, ila ardhi itatitia taka zikioza, kila mara mtajaza mashimo. Msijenge vyoo vya tofali juu yake, vitapasuka na gesi inajikusanya ndani. Msilime mchicha. Na kisima ndo kabisaaa msithubutu. Kabla ya yote afisa mazingira wa jiji aje na kipimo cha gesi

mgosi_ngamiani
Aisee, na mwenyekiti keshaanza kuchangisha hela ya kisima