Vyuo vya afya Mbeya na Iringa: namba ya usajili kwenye bango siyo ithibati, acheni kuwadanganya wazazi!

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa udahili umefika na mabango yamerudi. Mwanjelwa, Uyole, stendi ya Makambako, Mafinga, mpaka Ipogolo, kila nguzo ya umeme ina karatasi: "Chuo kimesajiliwa na Serikali, nafasi chache, hosteli ipo." Chini yake kuna namba inayoanza na REG/HAS. Mzazi wa Rungwe ameuza parachichi, wa Mufindi ameuza mbao, akiiona ile namba anajua mambo yamekaa sawa. Hayajakaa sawa, na wenye vyuo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Usajili ni ruhusa ya kufungua mlango. Ithibati ndiyo inayosema kinachofundishwa ndani kimefikia kiwango. NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi na ufundi stadi, ile iliyokuwa NACTE, inaviorodhesha vitu hivyo viwili kila kimoja peke yake. Kozi nazo huidhinishwa moja moja: chuo chenye ruhusa ya uuguzi hakijapata ruhusa ya famasia kwa sababu tu jengo ni moja. Ukiuliza ofisini unajibiwa "tuko kwenye mchakato". Stashahada ni miaka mitatu, yaani ngazi za mafunzo ya ufundi (NTA) ya 4, ya 5 na ya 6. Mtoto anamaliza yote mitatu, mchakato bado uko pale pale.

Halafu kuna mchezo wa idadi. Kitabu cha mwongozo wa udahili kinaonyesha kwa kila kozi sifa za kujiunga, muda, ada na idadi ya wanafunzi wanaoruhusiwa. Chuo kilichoruhusiwa 100 kinapokea 180. Hao 80 wa ziada wanakaa darasa lile lile, wanalipa ada ile ile, lakini kwenye uhakiki wa majina hawamo. Wanakuja kujua mitihani ikiwa mlangoni. Wengine hawana hata sifa. Kozi ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwenye F ya Fizikia anaambiwa "njoo tu, utarisiti huku unasoma". Huo ni wizi, tuuite kwa jina lake. Bila kuhakikiwa hakuna matokeo yanayotambulika, bila matokeo hakuna AVN, ile namba ya uhakiki wa tuzo ya kuombea shahada, na baraza la taaluma halina cha kusajili. Leseni ataitoa wapi?

Sasa tuje kwenye vitendo, maana hapa ndipo wagonjwa wanapoumia.

Chukua kitu kimoja tu, otoklevu, lile sufuria la mvuke la kutakasia vifaa. Wanafunzi wanakaririshwa "digrii 121, paundi 15, dakika 15". Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi. Hewa ya huku ni nyepesi, maji yanachemka kwenye digrii 94 au 95, ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Geji ya sufuria inaonyesha presha iliyozidi ile ya nje, na ya nje kwetu ni ndogo. Kwa hiyo geji ikisoma 15, mvuke ndani upo kwenye digrii kama 118. Digrii tatu mtu anaona si kitu. Kwa mbegu za bakteria, zile zenye ganda sugu, kila digrii 10 zinazopungua zinataka muda mara kumi, kwa hiyo digrii tatu zinataka muda mara mbili. Dakika zako 15 zimefanya kazi ya dakika saba na ushee, na mkasi huo unaenda kukata kitovu.

Dawa yake inajulikana: ongeza nusu paundi kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya inakuwa karibu 18, Njombe juu zaidi. Vali iachwe wazi mpaka mvuke utoke mfululizo bila kukatika, kwa sababu hewa iliyobaki ndani inapandisha geji bila kupandisha joto. Dakika zianze kuhesabiwa joto likishafika, wala si pale jiko linapowashwa. Vifaa vilivyofungwa kwenye vitambaa ni dakika 30. Matundu ya dramu yafunguliwe wakati wa kupika na yafungwe baada ya kutoa. Furushi likitoka limelowa, linarudi. Na ile tepu inayobadilika rangi inakuonyesha kwamba furushi limepata joto, basi; kujua kama vijidudu vimekufa ni kazi ya kiashiria cha kibayolojia.

Kwenye vyuo vingi vya aina ninayoisema, otoklevu ipo. Iko kwenye boksi, haijawahi kuchomekwa umeme.

Na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, ndiyo usiseme. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu kila nusu saa, kufunguka kwa njia ya uzazi kila saa nne, vyote viandikwe papo hapo. Vinginevyo ile mistari haina kazi, kwa sababu imewekwa ili uone uchungu unavyokwama kabla mama hajachoka na mtoto hajaumia. Wanafunzi wanapelekwa fildi ishirini kwenye kitanda kimoja, mmoja anashika, waliobaki wanachungulia mabegani. Mama akishajifungua, patografu inajazwa kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja, mapigo 140 kutoka juu mpaka chini. Kisha kitabu cha mazoezi kinapigwa sahihi kwamba wote ishirini wamezalisha. Anayesaini hiyo karatasi anajua anachofanya.

Mtauliza, wakaguzi hawaoni? Midoli ya mazoezi inaazimwa chuo cha jirani, inashushwa usiku kwenye Noah, ukaguzi ukiisha inarudi. Vyeti vya wakufunzi ni vya watu walioajiriwa hospitali ambao hawajawahi kuingia darasa hilo. Mkaguzi aliyekuja na orodha anaweka tiki: mdoli wa uzazi, upo, otoklevu, ipo. Angechagua mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili amwambie "iwashe, nionyeshe", ukaguzi ungeisha kwa robo saa na majibu yangekuwa mezani. Mashine ya presha hivyo hivyo. Ampe mwanafunzi mgonjwa mwenye mkono mnene aone kama atatafuta mkanda mpana au atalazimisha ule mdogo, ambao unapandisha namba na kumpa mtu dawa za presha asizozihitaji.

Mzazi, kabla hujalipa hata shilingi: chukua ile namba, ingia kwenye tovuti ya NACTVET, soma hali ya usajili NA hali ya ithibati, kisha tafuta kozi yenyewe na idadi yake. Ada linganisha na fomu ya kujiunga, maana michango ya fildi, sare na mitihani ndiko wanakojificha. Omba kuona mkataba wa chuo na hospitali ya mazoezi, uliosainiwa, wenye wodi na idadi ya wanafunzi kwa zamu. Omba kuingia chumba cha mazoezi siku ya kawaida. Wakikwambia ufunguo anao mtu aliyesafiri, panda daladala urudi nyumbani.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa ajira za afya.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza kuhusu maabara binafsi zenye cheti cha ISO 15189 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba) ukutani. Kile cheti ni kizuri, lakini hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa, hakifuniki kila kinachofanyika humo ndani. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya picha kamili ya damu na isiwe nayo kwa homoni za tezi. Angalia tarehe ya mwisho, halafu omba kiambatisho chenye orodha ya vipimo. Nyota za SLIPTA, mpango wa kuboresha maabara Afrika, ni kitu kingine: hizo ni ngazi za kupanda kuelekea ithibati, nyota moja inaanzia asilimia 55 ya alama za ukaguzi, tano ni 95 na kuendelea. Maabara yenye nyota mbili inayojiita "ya kimataifa" kwenye bango, nayo tuiweke kwenye fungu lile lile la wenye vyuo.