Kodi ya Kautilya: ilimlinda mkulima wa India au ilimkamua?

Mpenda_Historia: Wadau, Arthashastra, kitabu cha utawala cha India ya kale kinachohusishwa na Kautilya, inataja fungu la mfalme kuwa sehemu moja ya 6 ya mavuno. Afisa aliyeitwa gopa alisimamia vijiji 5 au 10, akiandikisha mashamba, watu na mifugo. Juu yake sthanika, kisha samahartri, mkusanyaji mkuu. Naona mkulima alilindwa, maana kila kitu kiliandikwa. Mnasemaje?

Jembe_Halimtupi: Alilindwa na nani? Humo humo zimetajwa njia 40 za watumishi kuiba mali ya mfalme. Watoza kodi wote ni wezi, tangu enzi hizo.

BintiKarani: Futa kauli, kaka. Marehemu baba alikuwa karani wa ushuru sokoni. Jioni alimwaga sarafu mkekani, akahesabu mara mbili. Shilingi 2 zikipungua, hagusi chakula mpaka azione. Huyo ndiye mwizi?

Jembe_Halimtupi: Baba yako sijamtaja, dada. Nasema ya Kautilya: samaki akiwa majini hujui kanywa maji lini, na mtumishi wa hazina ni vivyo hivyo.

BintiKarani: Malizia basi! Kwa hofu hiyo hiyo akaagiza hesabu za mwaka ziletwe mwezi wa Ashadha (Juni-Julai). Wapelelezi wakajifanya wenye kaya wa kawaida ili kuhakiki daftari la gopa. Aliyefichua wizi ukathibitika, alipata moja ya 6 ya fedha hizo. Waaminifu walikuwepo, ndiyo maana wakawekewa utaratibu.

Mzee_wa_Nyaraka: Wanangu, kitabu kinasema yanayotakiwa, si lazima yaliyofanyika. Hata umri wake wasomi wanabishania. Jiwe ndilo shahidi: nguzo ya mfalme Ashoka pale Lumbini, Nepal ya leo, inasema kijiji kilisamehewa kodi ya bali, na wengi wanasoma kuwa fungu lilishushwa hadi moja ya 8.

Jembe_Halimtupi: Shikamoo mzee. Lakini kilisamehewa kwa kuwa Buddha alizaliwa pale! Kijiji cha jirani je? Megasthenes, balozi Mgiriki, amenukuliwa akitaja robo ya mazao. Mtu na wanawe wanapura nafaka, magunia manne, moja linabebwa. Mvua ikigoma?

BintiKarani: Mimi bado nasubiri hiyo "wote ni wezi" ifutwe.

Mpenda_Historia: Jamani, na swali langu?

Jembe_Halimtupi: Nafuta "wote", dada. Mzee wako apumzike kwa amani. Ila robo siifuti.