Bondia akikutwa na dawa zilizokatazwa, pambano lisimamishwe kabla hajasikilizwa?

Mtoa hoja:

Hoja ninayoileta ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Sampuli ya kwanza ya bondia wa ngumi za kulipwa ikionyesha dawa iliyopigwa marufuku, pambano lake lisimamishwe mara moja, hata kama sampuli ya pili, ile ya kuthibitisha, haijafunguliwa, hata kama ana maelezo yake, na hata kama tiketi zote zimeshauzwa. Wapo watakaosema huku ni kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na nawakaribisha waseme. Mimi naliona jambo hili kama kinga ya yule atakayesimama mbele yake ulingoni.

Mwanariadha anayetumia dawa humdhulumu mwenzake medali. Katika ngumi kichwa ni shabaha halali, kwa hiyo anayedhulumiwa hulipa kwa mwili. Ubongo huelea katika majimaji ndani ya fuvu. Ngumi ya kidevu inapokizungusha kichwa ghafla, ubongo huchelewa kukifuata, na vimishipa vya damu vilivyoko kati yake na utando wa nje vinaweza kuchanika. Damu ikijikusanya hapo huukandamiza ubongo, na mtu aliyeshuka ulingoni kwa miguu yake huanza kulalamika kichwa akiwa chumba cha kubadilishia nguo. Hayo ni madhara ya usiku mmoja. Yapo pia ya polepole: mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakipepesuka kama walevi ilhali hawajanywa, na mwaka 1973 Corsellis na wenzake wa Uingereza walieleza uharibifu waliouona katika bongo za mabondia wastaafu 15 waliokwisha kufa.

Dawa zinaingiaje hapo? Wengi hufikiri kwamba huongeza uzito wa ngumi, na kwa upande wa steroidi, dawa za kujenga misuli, hilo lina ukweli wake. Mimi naogopa zaidi pumzi. EPO ni homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo husafirisha oksijeni hadi kwenye misuli. Katika pambano la raundi 12 lisilo na dawa, mabondia wote wawili huchoka. Ngumi za raundi ya kumi na moja ni nzito kuzirusha na hufika zikiwa zimepungua makali, na uchovu huo wa pande mbili ni ulinzi ambao hakuna kanuni iliyouandika. Mmoja akibaki na pumzi za raundi ya tatu wakati mwenzake hawezi tena kuinua mikono, ulinzi huo umeondolewa upande mmoja tu. Shane Mosley, katika ushahidi wake kuhusu BALCO, maabara ya Marekani iliyowapa wanamichezo dawa zilizokatazwa, alikiri kutumia EPO kabla ya kumshinda Oscar De La Hoya kwa pointi mwezi Septemba 2003, ingawa alidai hakujua kwamba alichopewa kilikuwa kimekatazwa.

Mtumiaji naye hasalimiki. EPO huifanya damu kuwa nzito, na bondia huyo huyo, siku chache kabla ya kupima uzito, hujikausha maji mwilini ili apate kilo zinazotakiwa, jambo linaloizidishia damu uzito na kuongeza hatari ya kuganda. Jarrell Miller, aliyekuwa apambane na Anthony Joshua mjini New York mwezi Juni 2019, alikutwa na EPO, homoni ya ukuaji na GW1516, dawa ambayo utafiti wake uliachwa baada ya wanyama wa maabara kupata saratani. Pambano hilo lilifutwa kwa upande wake, na nafasi yake akapewa Andy Ruiz.

Linganisheni na la tarehe 20 Aprili 2024 kati ya Ryan Garcia na Devin Haney mjini Brooklyn. Sampuli za Garcia zilichukuliwa siku ya kupima uzito na siku ya pambano, lakini majibu yalitoka baada ya kila kitu kwisha: ostarini, dawa ya kujenga misuli. Garcia alisema hakuitumia kwa makusudi na kwamba virutubisho vyake vilikuwa vimechafuliwa. Kamisheni ya New York, inayosimamia ngumi katika jimbo hilo, ilimfungia mwaka mmoja, ikachukua malipo yake ya pambano yanayozidi dola milioni 1, ikamtoza faini na kuyafuta matokeo. Haney alikuwa ameangushwa mara tatu usiku ule. Ushindi unaweza kufutwa kwenye vitabu, lakini ngumi alizopigwa hazifutiki. Ndiyo maana nasema adhabu, hata iwe kali namna gani, huja ikiwa imechelewa, na hao wanaodai bondia wa aina hii afungiwe maisha wanapigania kufunga mlango ambao mwizi ameshatokea.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa hoja, umeeleza vizuri madhara ya ngumi, lakini umepita haraka mahali pagumu, nami nitakurudisha hapo. Maabara za leo zinaona chembe ndogo mno za dawa, na chembe hizo hazisemi zimeingiaje mwilini. Klenbuteroli hutumiwa na baadhi ya wafugaji kunenepesha mifugo, na nchini Mexico tatizo hilo linajulikana kiasi kwamba mwaka 2019 WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa hizi michezoni, ilibadilisha utaratibu wake ili viwango vidogo vya dawa hiyo vichunguzwe kwanza kabla ya kuitwa kosa. Saúl "Canelo" Álvarez alikutwa nayo Februari 2018, akasema ni nyama. Kamisheni ya jimbo la Nevada ilimfungia miezi sita, na pambano lake la marudiano na Gennady Golovkin likahamishwa kutoka Mei hadi Septemba. Wapo waliomwamini na wapo wasiomwamini, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwa kipimo kile peke yake kwamba alikusudia.

Chukua pia mfano wa Conor Benn. Oktoba 2022 pambano lake na Chris Eubank Jr jijini London lilivunjwa siku chache kabla ya kufanyika, baada ya kujulikana kwamba alikutwa na klomifeni, dawa ya kutibu ugumba kwa wanawake ambayo kwa wanaume inaweza kupandisha homoni ya kiume. Baraza la Ngumi la WBC, mojawapo ya vyombo vinavyotoa mikanda ya ubingwa, lilisema mwaka 2023 kwamba ulaji wa mayai mengi ulikuwa maelezo yanayokubalika ya namna dawa hiyo ilivyoonekana mwilini mwake. Watu walicheka, nami nakiri yale mayai yalinishinda kuyameza. Hata hivyo, kesi ilizunguka kwa miaka miwili, na Novemba 2024 jopo la Uingereza lilimwondolea mashtaka. Bondia wa kiwango chake hupanda ulingoni mara mbili au tatu kwa mwaka, na ujana wake ndio mtaji wake. Nani alimrudishia miaka ile? Kanuni yako ingemfanyia vivyo hivyo kila asiye na hatia, na ingewapa wapinzani wabaya sababu ya kumtilia mtu kitu ndani ya chupa ya maji.

Mchangiaji wa pili:

Nimehudumu kando ya ulingo kama mtu wa tiba, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwamba nyote mnatazama chupa ya dawa wakati mgonjwa yupo sakafuni. Agosti 2025 mabondia wawili wa Japani, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa, walifariki kwa kuvuja damu kichwani baada ya kupigana usiku mmoja, tarehe 2, katika ukumbi mmoja wa Korakuen, Tokyo. Waliuawa na mchezo wenyewe. Wasimamizi wa Japani walipunguza mapambano ya ubingwa wa ukanda wao kutoka raundi 12 hadi 10, wakaanza kuzungumza kwa ukali juu ya kujikausha maji, kwa kuwa madaktari wengi wanashuku kwamba ubongo wa mtu aliyepungukiwa maji huumia kwa urahisi zaidi. Raundi zenyewe ziliwahi kupunguzwa kutoka 15 hadi 12 baada ya Duk Koo Kim kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini mwezi Novemba 1982.

Halafu tazameni huduma. Michael Watson alipoanguka mbele ya Chris Eubank, baba, Septemba 1991, hapakuwa na vifaa vya kumrudishia pumzi pale ulingoni, na alifikishwa kwanza katika hospitali isiyokuwa na upasuaji wa ubongo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kwamba bodi ya ngumi ilikuwa na wajibu wa kisheria kwake. Hiyo ni London. New York nako, mwaka 2013, Magomed Abdusalamov alitoka ulingoni akiumwa kichwa na akaenda hospitali kwa teksi. Jimbo lililipa familia yake dola milioni 22 katika maridhiano. Hakuna sampuli ya mkojo ambayo ingewasaidia wanaume hawa.

Nikiongeza la mwisho, dawa zinazowadhuru mabondia si zile za marufuku tu. Muhammad Ali alipopigwa na Larry Holmes Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alikuwa ametumia dawa ya tezi aliyopewa na daktari, dawa inayounguza mwili na kumpunguzia mtu maji na nguvu. Alikuwa na leseni halali ya Nevada mkononi. Daktari wake wa miaka mingi, Ferdie Pacheco, alikuwa amejitoa mwaka 1977 kwa sababu hakuona namna ya kuendelea kushiriki katika kuangamia kwake.

Mtoa hoja:

Daktari, mifano yako yote naikubali, na wa Ali unanisaidia kuliko unavyonipinga. Swali lililokuwa mbele ya Nevada mwaka 1980 ndilo lililo mbele yetu: je, mtu huyu yuko katika hali ya kupigana usiku huu? Leseni ya ngumi ni ruhusa ya kitabibu kabla ya kuwa haki ya biashara. Bondia aliyechanika juu ya jicho akiwa kambini huondolewa na pambano likaahirishwa, na hakuna anayelalamika kwamba amehukumiwa bila kusikilizwa. Kwa nini damu yenye dawa isiyojulikana ilikotoka ipewe heshima kuliko ngozi iliyochanika?

Hapo ndipo ninapomjibu mchangiaji wa kwanza. Kusimamisha pambano na kumtia mtu hatiani ni mambo mawili, na madhara mengi ya kesi ya Benn yalitokana na kuyachanganya. Mapromota walitaka kuendelea ilhali majibu yanajulikana, bodi ya Uingereza ikakataa, na kila upande ukaanza kupigania jina lake hadharani. Ningependa jibu la kwanza lipelekwe kwa siri kwa kamisheni yenye mamlaka, pambano liahirishwe bila kutangazwa sababu ya kitabibu, na sampuli ya pili ifunguliwe ndani ya siku chache. Ikiwa ni nyama au kirutubisho kilichochafuliwa, bondia arudi na jina lake likiwa safi. Dillian Whyte aliondolewa kwenye pambano lake na Joshua la Agosti 2023 na baadaye ikaonekana ni kirutubisho kilichochafuliwa. Na Robert Helenius, aliyeitwa haraka kuziba pengo lake, ndiye aliyekutwa na klomifeni na kufungiwa miaka miwili. Kisa hicho kinamwonya kila mmoja wetu, mimi nikiwemo, anayedhani anaweza kumjua mwenye hatia kwa kumtazama.

Kinyume chake ni Oscar Valdez. Agosti 2021 alikutwa na fentamini, kichangamshi kinachopunguza hamu ya kula, katika sampuli zote mbili, na bado akaruhusiwa kutetea mkanda wake Arizona, kwa hoja kwamba orodha ya WADA huikataza dawa hiyo siku ya mashindano peke yake. Waliompima walikuwa VADA, shirika linalowapima mabondia kwa hiari, ambao huikataza wakati wote. Orodha mbili, pambano moja, na aliyeamua ni msimamizi aliyekuwa mwenyeji wa onyesho. Ngumi za kulipwa zina mikanda minne mikubwa na kamisheni nyingi, lakini hazina chombo kimoja kinachoweza kusema hapana kikasikika kila mahali. Bondia aliyekataliwa huku huvuka mpaka.

Kuhusu hofu ya kutiliwa dawa kwenye chupa, ipo, nami sina dawa yake kamili, isipokuwa kwamba kupima mara nyingi huipunguza. Tukio moja katika sampuli ishirini za mwaka mzima husomeka tofauti na tukio moja katika sampuli mbili za wiki ya pambano. Leo upimaji mzuri wa VADA ni wa hiari, mara nyingi huanza wiki chache kabla ya pambano, na hulipiwa na wale wale wanaopata hasara majibu yakiwa mabaya. Mwenye nia mbaya anajua dirisha linafunguliwa lini. Anamaliza mzunguko wake wa sindano kabla ya kusaini mkataba.

Mchangiaji wa kwanza:

Na gharama? Upimaji wa mwaka mzima ni ghali. Bingwa ataumudu. Wale wa mapambano ya utangulizi, wanaopigana raundi nne kwa malipo yasiyofikia gharama ya kambi, atawalipia nani?

Mtoa hoja:

Ilipwe kutoka mapato ya televisheni, asilimia ileile kwa kila onyesho lenye pambano la ubingwa, iingie katika mfuko unaoshikwa na kamisheni na usioguswa na promota. Mfuko huo huo umlipe mpinzani gharama za kambi pambano linapoahirishwa, maana leo huyo ndiye anayesukumwa kupanda ulingoni kwa sababu tu hawezi kumudu kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa wale wa raundi nne nakubali kwamba kuanzia mwanzoni hatutawafikia wote. Wapimwe kwa kushtukiza, wachache kila mwezi, kwa kura. Hivi sasa wengi wao hawapimwi kabisa, na hao ndio hupigana mbele ya viti vitupu, mapema jioni.