Mjadala: Mafunzo ya uongozi sekondari wapewe wanafunzi wote kabla ya uchaguzi, au waliochaguliwa tu?

Mleta mada
Wadau, salaam. Katika sekondari zetu nyingi hapa Tanzania mambo huenda hivi: kampeni siku mbili, kura, kuapishwa mstarini, kisha semina ya Jumamosi moja ambayo karibu yote ni maonyo ya nidhamu. Kaka mkuu anatoka humo akijua kuandika majina ya wachelewaji, lakini kuandika muhtasari wa kikao hajui.

Naomba tujenge somo kamili, lianze kabla ya uchaguzi, wasome Kidato cha Tatu wote. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, wiki 10. Mbili za katiba ya serikali ya wanafunzi, isomwe kifungu kwa kifungu. Mbili za vikao. Tatu za fedha na stoo. Moja ya usuluhishi. Mbili za uchaguzi wenyewe. Mpiga kura asiyejua cheo kinadai nini atamchagua mwenye sauti nzuri ya kampeni.

Mwalimu wa taaluma
Mleta mada, nia ni njema ila ratiba itakukatalia. Shule yenye mikondo minne, hivyo ni vipindi 40. Nani anavifundisha? Somo lisilotahiniwa na NECTA, Baraza la Mitihani, huanza Januari, na kufika Machi Hisabati imeshakaa mahali pake. Tena darasa lina watoto 55: ni wangapi watapata kuongoza kikao cha mazoezi? Chukua wale 30 waliochaguliwa, wape Jumamosi mbili, halafu saa moja kila baada ya wiki mbili mwaka mzima. Kila mmoja atashika kiti mara kadhaa. Uongozi hauingii kwa kunakili ubaoni.

Mlezi wa serikali ya wanafunzi
Hao 55 wagawe makundi sita. Kila kundi lina mwenyekiti, katibu na mtunza muda, na nafasi zinabadilishwa kila dakika nane. Ajenda iwe ya kweli, mfano foleni ya maji bwenini. Ukiwapa ajenda ya kubuni wataigiza tu.

Kazi kubwa iko kwa katibu. Mwanafunzi akiachiwa daftari tupu ataandika kila kilichosemwa, na uamuzi utazama humo. Mchoree safu nne: hoja, uamuzi, mhusika, tarehe. Pakiandikwa "suala litafanyiwa kazi", rudisha daftari. Aandike "Kiranja wa afya aonane na mwalimu wa zamu, Jumatano, kuhusu koki mbili zinazovuja." Kikao kijacho kinaanza na mstari huo huo: koki zimetengenezwa au bado?

Mhasibu wa shule
Naunga mkono zile wiki tatu za fedha na stoo, hata zingekuwa nne. Kiranja wa chakula husaini daftari la stoo bila mzani. Tuseme chakula cha siku ni gramu 100 za maharage kwa mtoto, watoto 420: zipimwe kilo 42. Gunia lililoandikwa kilo 100 likiwa na 92, hizo nane hazionekani siku ya kupokea. Zinaonekana siku ya mwisho ya mwezi chakula kinapopungua, na saini iliyopo ni ya mtoto. Afundishwe kupima kwanza, kuandika kilichosomeka kwenye mzani, kusaini mwisho. Na mkuu wa shule amlinde akikataa kusaini, maana bila ulinzi huo mafunzo yote ni bure.

Mdau wa Kenya
Sisi mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa yaliingia kitaifa mwaka 2009, baada ya wimbi la migomo ya 2008, yachukue nafasi ya maprefekti wa kuteuliwa na walimu. Ninalosisitiza ni mipaka ya kazi. Ukibadilisha njia ya kumpata kiongozi ukamwachia kazi ile ile ya kuwinda wenzake, wanafunzi watamwona askari wa walimu tu, hata kama kura walimpa wenyewe.

Mlezi wa serikali ya wanafunzi
Kweli kabisa, na hapa Tanzania lipo jambo la sheria ambalo kila kiranja alijue wiki ya kwanza. Kanuni za viboko za 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kiranja hayumo. Anayemchapa mwenzake anavunja kanuni, hata kama ametumwa.

Mwalimu wa Uraia
Hamjagusa mchujo wa wagombea. Walimu wanapokata majina bila kutoa sababu, somo lote linakufa siku hiyo. Vigezo vibandikwe wiki mbili kabla, sababu ya kukatwa iandikwe, rufaa iwe siku mbili.

Kuhesabu nako kufanyike hadharani: mmoja anafungua karatasi, wa pili anasoma jina, wa tatu anachora vijiti ubaoni vitano vitano, mawakala wakiangalia. Ila kabla ya yote hesabu karatasi. Zilichapwa 600, sandukuni zimo 548, zilizobaki bila kutumika 37. Zinakosekana 15. Pengo kati ya mshindi na wa pili likiwa kura tisa, rudieni uchaguzi.

Mleta mada
Mwalimu wa taaluma, hoja ya vipindi naipokea. Wote wasome wiki nne: moja ya katiba, mbili za vikao, moja ya uchaguzi. Fedha, stoo na usuluhishi wabaki nazo waliochaguliwa, kwa ile saa yako ya kila wiki mbili. Kwenye mchujo sibadiliki: walimu wahakiki vigezo tu, wasichague.

Mwalimu wa taaluma
Wiki nne nazikubali zikikaa Februari, kabla ya mitihani ya nusu muhula, na mwalimu wake aandikwe kwenye ratiba kuu kwa jina. Kuhusu mchujo bado tunapingana. Mwanafunzi mwenye kesi ya nidhamu ambayo bodi haijaisikiliza, kigezo chako kinasema nini juu yake?