MREJESHO: Lile duara la shaba lililochimbuliwa shuleni

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyepitwa: wanafunzi wetu hapa Tabora walikuwa wakichimba mashimo ya miti nyuma ya madarasa, wakaibuka na kiduara cha shaba chenye taji na herufi D.O.A., nikauliza ni kitu gani.

Waliosema ni hela ya Mjerumani wamepatia: D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Tuliiloweka kwenye maji ya sabuni, tukaisugua taratibu kwa mswaki laini (msithubutu kutumia stilwaya), ukajitokeza mwaka 1916, maandishi 20 HELLER na kiherufi T. Hiyo T ni Tabora hii hii! Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Waingereza walifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikaadimika. Basi Wajerumani wakazifua hapa hapa kwenye karakana ya reli, na hata maganda ya makombora ya mizinga yakaingia tanurini. Heller 100 zilikuwa rupia moja (fedha ya koloni hilo), kwa hiyo hii yetu ni sehemu ya tano ya rupia. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Sasa ndugu yangu uliyenifuata pembeni ukitaka "kuipima kwa zebaki" (ile imani kwamba hela ya kale ikiitikia zebaki ina nguvu za ajabu) kwa mamilioni, tulia. Zilifuliwa kwa wingi mno, na hakuna jini linalozilinda.

Mwalimu mkuu ameifungia kabatini na kumwandikia barua afisa utamaduni wa halmashauri. Ila miti bado haijapandwa. Kila shimo likifika kina chake, watoto wanaomba waendelee kidogo tu.