OG ya mdomo: wauza spea za injini mnatumaliza, na sisi wanunuzi tunawasaidia

Wakuu, leo naandika na hasira na sitaomba radhi. Neno "OG" (yaani orijino) lipigwe marufuku kwenye maduka ya spea. Mtu anaingia dukani Gerezani au Kariakoo, anataka plagi za Toyota IST, swali la kwanza anaulizwa "OG au za kawaida?" Haulizwi namba ya chesisi. Haulizwi injini ipi. Anawekewa maboksi mawili mezani, moja la bei ya juu, jingine la nusu yake, halafu achague kwa macho. Huo si uuzaji wa spea, huo ni mchezo wa karata tatu.

Nazungumzia zaidi injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyojaa barabarani: IST, Vitz, Premio, Allion, RunX, Probox. Ni injini isiyo na makuu, mtu mwenye boksi la spana na Jumamosi moja anaihudumia mwenyewe uani. Haifi kwa sababu ni mbovu. Inakufa kwa spea za hovyo na ushauri wa hovyo.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo tunapoibiwa kabla hata hela haijatoka mfukoni. Spea ya Toyota ina namba yenye herufi na tarakimu kumi, tano kwa tano. Tano za mwanzo zinakwambia kitu chenyewe ni nini: 90915 ni filta ya oili, 90919 ni plagi na koili (inayoipa plagi umeme), 16100 ni pampu ya maji, 17801 ni filta ya hewa, 13540 ni kikaza cheni ya taiming. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya injini au toleo gani. Sasa muuzaji anakwambia "hii ya IST hii, chukua". IST ipi? NCP60 ina 2NZ-FE ya lita 1.3, NCP61 ina 1NZ-FE ya 1.5. Koili ya 1NZ ni 90919-02240, ya 1ZZ, injini nyingine ya Toyota, ni 90919-02239. Zinapishana kwa moja tu, lakini ni koili mbili tofauti, na bado utaambiwa "zote VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili taiming ya valvu), zinaingiliana". Fungua boneti, soma kibati chenye namba ya chesisi, ingiza namba ya chesisi kwenye katalogi za mtandaoni ukiwa nyumbani, andika namba ya spea kwenye karatasi, ndipo utoke. Muuzaji akikataa kuangalia namba, ondoka. Maduka yapo mengi.

Jambo la pili ambalo hawakwambii: Toyota haitengenezi plagi. Denso ilikuwa idara ya Toyota, ikajitenga 1949, na ndiyo inayowapelekea plagi, koili na sensa nyingi. Aisin ni wa ukoo huo huo, pampu za maji ni kazi yake. Kwa hiyo kununua Denso au Aisin kwenye boksi la Denso au Aisin ni kununua kitu kile kile bila kulipia nembo. Hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo. Unafuu si kununua kitu kisicho na jina kinachoitwa "mchina mzuri".

Sasa plagi, maana ndizo zinazoghushiwa kuliko chochote. 1NZ inatumia Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11, za kawaida, si iridiamu. Hiyo 11 mwishoni ni nafasi ya milimita 1.1. R ni rizista ndani. 16 ya Denso ni sawa na 5 ya NGK kwa joto. Ukiuziwa 20 au 6 umeuziwa plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoa haraka, itajaa masizi ukiendesha mjini kwenye foleni. Kabla ya kulipa fanya haya, palepale kaunta, muuzaji akikasirika akasirike:

Shika ile pete ya chuma kwenye uzi wa plagi, izungushe na kuivuta. Ya kweli inazunguka lakini haitoki. Ya feki nyingi zinatoka kama pete ya kidoleni. Angalia ncha ya katikati kutoka juu: iwe katikati kabisa, isiegemee upande. Sugua maandishi ya kwenye kauri kwa kitambaa chenye tina (ya kuyeyushia rangi). Yakifutika, rudisha boksi. Kama una multimita, pima kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya katikati: plagi yenye R inasoma kilo-omu kadhaa, karibu 5 hivi. Ikisoma sifuri, hamna rizista ndani, ile R imechorwa tu. Na kwa wanaouziwa iridiamu: ncha ya Denso Iridium Power ni milimita 0.4, nyembamba kama sindano. Ukiona ncha nene kama waya wa uzio ni nikeli iliyovishwa boksi la iridiamu, na umelipia mara tatu.

Na jamani, gari ikianza kumisi (silinda inaruka, haichomi) msikimbilie kununua koili nne. Huo ni uchuro mwingine wa mafundi wetu, "badilisha zote tu mkuu". Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikionyesha P0301, silinda ya kwanza ndiyo inamisi. Toa koili ya kwanza ibadilishane na ya tatu. Nati moja ya spana 10 na soketi ya waya wa umeme, dakika tano. Futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili imekufa, nunua moja. Ikibaki P0301, hamisha plagi vivyo hivyo. Ikigoma tena, tatizo ni nozeli au kompresheni, na koili ungenunua bure. Koili ya mtumba toka Japan yenye chapa ya Denso mwilini naiona salama kuliko mpya isiyo na jina. Msipoteze muda kuipima kwa omu, zile za pini nne zina elektroniki ndani, kipimo hakikwambii kitu.

Filta ya oili. 90915-YZZE1 inaingia 1NZ bila shida. Za kutupa zinafanana nayo kwa nje, tofauti iko tumboni. Chungulia kwenye vile vitundu vya pembeni: kuna mpira unaoziba oili isirudi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) gari ikizimwa. Bonyeza kwa kijiti kisicho na ncha, unatakiwa ujivute na kurudi. Ukiwa mgumu kama plastiki, au haupo kabisa, basi kila asubuhi injini yako inawaka bila oili juu, unasikia kelele ya cheni sekunde mbili tatu halafu kimya. Mtu anasikia kelele hiyo anaambiwa "cheni imelegea, fumua". Anafumuliwa injini kwa ajili ya filta.

Kufunga: paka oili kwenye mpira wa filta mpya, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye bloku (ikikaa miwili, oili yote inamwagika barabarani), zungusha hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Wanaokaza kwa mnyororo ndio hao mwezi ujao wanatoboa filta kwa bisibisi ili itoke.

Oili yenyewe: ujazo ni lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni ya dukani ni lita 4. Hiyo lita 0.3 inayobaki ibaki! Watu wanamimina yote "isiharibike", oili inapita alama ya juu ya stiki, halafu sili zikianza kuvuja lawama kwa Mjapani. Na uzito ni 5W-30. Vijia vya oili vya VVT-i ni vyembamba na kuna kichujio kidogo cha wavu kabla ya valvu yake. Ukiweka namba 40, oili nzito zaidi, kwa sababu "nchi yetu joto", gari inakosa nguvu, unaambiwa valvu ya VVT imekufa. Kabla hujainunua ichomoe, bolti moja ya 10, pima koili iliyo ndani yake kwa multimita: ikiwa baridi isome kati ya omu 6.9 na 7.9. Ipe umeme wa betri kidogo, ikichomoka na kurudi ni nzima. Safisha wavu, rudisha. Hela yako imebaki.

Kinachonitoa povu kabisa ni thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Fundi anaichomoa anaitupa, anakwambia "huku Afrika haihitajiki". Ya 1NZ inafunguka nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inaona bado baridi, inaendelea kumwaga mafuta mengi, petroli inashuka kwenye oili, na mwenye gari analalamika ulaji. Halafu kuna za dukani za bei ya soda ambazo zinafunguka zikitaka. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, isiguse chini, washa jiko. Ikianza kufunguka karibu na 80 na maji yakichemka iwe wazi kabisa, funga. Ikibaki imefumba wakati maji yanatokota, hiyo ndiyo ingekuunguzia gasketi ya hedi (ile ya kati ya bloku na kichwa cha injini). Mfuniko wa rejeta nao usiokote wowote: namba iliyopigwa juu yake, 0.9 au 1.1, ni presha, weka ileile iliyokuwepo. Ukishusha, maji yanachemka mapema.

Mnapotaka kubana matumizi baneni kwenye filta ya hewa, waipa, taa, washa (kipete) ya nati ya oili. Msibane kwenye pampu ya maji, kikaza cheni, gasketi ya hedi.

Nimemaliza. Wauza spea waliomo humu waje wajitetee.

---

Spana_14: Mkuu umegusa penyewe. Niongeze kwenye gasketi ya hedi: kabla ya kufunga, ilaze mpya juu ya ya zamani. Matundu ya maji yote yalingane. Zipo seti za bei rahisi zina tundu moja limezibwa nusu, gari inachemka silinda ya nne tu na hujui kwa nini. Na bolti za hedi za 1NZ hazikazwi kwa kubahatisha: 29 Nm kwa spana ya kupima nguvu, kisha zungusha nyuzi 90, kisha 90 tena, ukianzia katikati kwenda nje. Zinavutika zile, zikirefuka usizirudishe.

MuuzaHalali: Mimi nauza spea. Si wote wezi. Wateja wenyewe ndio wanataka bei ya feki kwa kitu halisi. Nikimwambia Denso bei hii ananiambia duka la pili ni nusu. Nifanyeje? Nikiweka za kweli tu, zinaota vumbi.

Mleta uzi: @MuuzaHalali weka zote mbili, lakini andika. Sema "hii haina jina, haina dhamana". Shida yangu si bei rahisi, shida ni kuitwa OG. Kuuza bidhaa kwa alama ya mwingine ni kosa kisheria, FCC (Tume ya Ushindani) wapo kwa ajili hiyo. Na risiti yako iandikwe namba ya spea, si "plagi 4".

Wa_Kirinyaga: Hapa Nairobi ni yale yale, boss. Kirinyaga Road ukiuliza oil filter unaulizwa "original ama ex-Japan ama hii ingine?" Hiyo "hii ingine" ndiyo imeua injini nyingi. Mimi huenda na ile ya zamani mkononi, nalinganisha uzi, kipenyo cha mpira na urefu.

Mleta uzi: @Wa_Kirinyaga safi, ila kulinganisha na ya zamani kunafaa tu kama ya zamani ilikuwa sahihi. Gari nyingi zimeshapita kwa mafundi watatu. Anza na namba, halafu linganisha.

Binti_Gereji: Hamjasema kitu kimoja. Hizo feki zinavaa maboksi yetu wenyewe. Maboksi ya plagi na galoni za oili tunatupa nzima nzima, kesho zinaokotwa, zinajazwa oili iliyosafishwa kwa kitambaa na kurudi dukani. Galoni ikiisha itoboe tako kwa msumari. Boksi la plagi lichane.

Spana_14: @Binti_Gereji na kizibo cha galoni kikate. Kuna watu wananunua vizibo tu.