Kuponda makoro ndani ya mitaa ya Goma: tuzuie au tuache?

Ndugu zangu, kuna hoja inayorudi kila tukikaa kuzungumzia mji wetu: kuponda makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda, kwenye parseli (viwanja vya nyumba) kupigwe marufuku, wapondaji wote waende kwenye karie (machimbo ya mawe) za nje ya mji, upande wa Sake. Sababu kubwa wanayotoa ni vumbi, kwamba linaleta ule ugonjwa wa mapafu wa wachimba migodi. Mimi nakataa.

Tuliangalie jiwe lenyewe. Ugonjwa ule huletwa na vumbi la kwatzi, madini ambayo ni silika tupu, kitu kilekile cha mchanga mweupe na kioo. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ina silika kidogo mno kwa mwamba, karibu asilimia 40, na yote imefungwa ndani ya madini mengine, haibaki ya kuunda kwatzi. Hata feldispa, madini yanayoongoza kwa wingi katika miamba ya dunia, haipati silika ya kutosha kujiunda humo. Nafasi yake inachukuliwa na nefelini na leusiti, madini yanayohitaji silika kidogo zaidi. Upungufu huohuo ndio unaoifanya lava yetu iwe majimaji na ikimbie: tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Rubaya, kwenye migodi ya koltani, ni habari nyingine. Mwamba wa huko una kwatzi, na feldispa yake imeozeshwa na maji ya mvua ikawa udongo mweupe, ndiyo maana sepetu inaingia. Huko, anayeogopa vumbi ana haki.

Sisemi vumbi letu ni zuri. Jirani yangu, mama mpondaji, hushikilia jiwe kwa pete aliyoikata kwenye mpira wa gurudumu, nyundo isimponde vidole. Vidole ni vizima. Lakini kipande kilimruka jicho la kushoto mwaka jana, na mpaka leo linamtoka machozi. Miwani ya kazi ingemkinga! Tudai miwani basi, na tudai watoto watoke kwenye kokoto waende shule.

Sake ni kilomita 25 hivi. Mama huyo anaponda huku sufuria iko motoni na mtoto mdogo yuko pembeni. Parseli yake ilifunikwa na lava tarehe 17 Januari 2002, na nyundo hiyo ndiyo inayoisawazisha: kokoto anauza kwa beseni, mawe makubwa anajengea ukuta. Bila kuponda, hata shimo la choo halichimbiki.

Mnaotaka marufuku, nijibuni: mkishamwondoa, hilo shimo atalichimba nani, na kwa pesa ya nani?